Jibu: Mbona Ganja & Hess yangu ni fupi hivi?

Mkuu, umeuliza kwa nini diski yako ya Ganja & Hess haifiki hata saa moja na nusu, wakati wengine humu wanasema filamu inakaribia saa mbili. Pole, umeuziwa mabaki.

Mwongozaji Bill Gunn aliitoa mwaka 1973, ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Lakini wasambazaji walitaka filamu ya kawaida ya mnyonya damu ya kuuza tiketi, siyo filamu ya polepole yenye kanisa, uraibu na jambia la kale la Kiafrika. Wakaikatakata, wakaiuza kwa majina mengine, Blood Couple likiwemo. Miaka mingi watu waliangalia mkanda wa VHS wa mkato huo wakidhani ndiyo yenyewe! Nzima iliponea kwenye jumba la makumbusho la MoMA, New York, lililokuwa na kopi yake.

Tafuta diski ya Blu-ray ya kampuni ya Kino Lorber, ya 2012 au ya 2018, ni mamoja. Inakwenda kama dakika 113. Usitegemee picha ing'ae kama ya juzi. Chembechembe za filamu ya zamani zipo, na mimi naona zinaipendeza. Yale maelezo ya sauti yanayokwenda sambamba na filamu, ambamo Marlene Clark (aliyeigiza kama Ganja) na wenzake wanaizungumzia, usiyaruke.

Ukikuta ya mtumba, soma nyuma ya kasha kabla hujatoa hela. Gunn alilikataa lile toleo la kukatwa, likatoka likiwa na jina la F.H. Novikov kama mwongozaji. Ukiona jina hilo, rudisha kabatini.