Sura ya Saba: Nifute au Nibakishe?

SWALI: Naandika riwaya ya vijana wa miaka 14 hadi 17. Binti anatekwa kando ya Ziwa Nyasa mwaka 1865, msafara unamfikisha Kilwa Kivinje, tajiri anamnunua awe suria. Sura ya saba anambaka. Mwalimu mmoja ameisoma, kasema niifute yote. Nifanyeje? – Msomaji wa kike, Lindi Mjini

JIBU: Usiifute, dada. Ukiifuta, kitabaki kisa cha binti aliyenunuliwa, akavishwa na kushibishwa, na kijana atasema alipata bahati. Huo utakuwa uongo kuhusu Kivinje.

Ila katika kurasa ulizotutumia, kosa linaanzia mnadani, kabla ya sura ya saba. Umeueleza mwili wake kuanzia shingoni kushuka. Hayo ni macho ya mnunuzi, nawe umempa msomaji ayaazime. Ondoa aya yote. Andika anachokiona binti: vidole vya dalali vinavyonuka tumbaku, mlango ulio wazi nyuma ya umati.

Tukio lenyewe likatie pale komeo linapofungwa. Sentensi mbili zinatosha, ziseme waziwazi kwamba alikataa. Ukiandika “usiku ulimmeza”, mtoto wa miaka 14 hataelewa, au atadhani ni mapenzi. Kisha rukia alfajiri, kisimani. Kata inamponyoka mara mbili; mjakazi mkubwa anaiokota, anamchotea, hamuulizi kitu. Hapo kaa kurasa tatu au nne, bila haraka.

Kinachotutia hofu zaidi ni sura ya 12, anapompenda bwana wake. Umemwita hata “mke”. Suria hakuolewa wala hakuulizwa ridhaa. Lakini kwa sheria ya Kiislamu, akimzalia bwana wake na bwana akamkubali mtoto, mtoto ni huru, mama haruhusiwi kuuzwa tena, na bwana akifa naye anakuwa huru. Basi binti ana sababu ya kutabasamu mezani isiyo mapenzi hata kidogo: anahesabu. Iandike hesabu hiyo, maana ndiyo akili yake, na vijana wengi hawajawahi kusimuliwa.

Ukurasa wa mbele weka mstari mmoja unaotaja kwamba kitabu kina ubakaji, pamoja na namba 116, simu ya bure ya kusaidia watoto. Halafu mrudishie mwalimu kurasa mpya, umwombe apige mstari pembeni kila anapoona bado tunamtazama binti badala ya kutazama pamoja naye.