Bosi anataka akili bandia, depo bado ziko kwenye madaftari: nianzie wapi?

Swali: Jambo mkubwa. Ninafanya kazi katika kampuni inayouza dawa kwa jumla hapa Lubumbashi. Tuna depo tatu: mjini, na katika mitaa ya Kenya na Ruashi. Mwezi uliopita bosi alinipa cheo cha mkuu wa teknolojia. Kabla ya hapo nilikuwa natengeneza kompyuta na kuangalia mtandao wa ofisi. Amerudi safarini Johannesburg na anataka IA (akili bandia) itupangie oda kabla ya mwaka kuisha, maana dawa nyingine zinatuishia huku nyingine zinapitwa na tarehe kwenye rafu. Depo mbili bado zinaandika kwenye madaftari. Nianzie wapi, na nimwambie nini bosi bila kumvunja moyo? (Dada wa Kampemba)

Jibu: Jambo dada, na hongera kwa cheo. Bosi wako ameona tatizo la kweli, kwa hiyo usimkatalie. Mwombe siku tatu tu, uende Ruashi ukae na mtunza depo na kusoma daftari lake ukurasa kwa ukurasa.

Niliwahi kufanya hivyo katika depo moja ya dawa. Ndani ya kurasa kumi nilikuta paracetamol imeandikwa "Para", "Paracé 500", "P500" na mahali pengine "vidonge vya kichwa". Kiasi kilikuwa mara katoni, mara boksi, mara plaketi, bila kusema ni kipi. Nilipomuuliza mtunza depo, akanijibu: "Depo yangu iko mu kichwa." Na kweli ilikuwamo, hakukosea hata mara moja. Lakini programu ya kutabiri haiwezi kuingia kichwani mwa yule mzee. Kwa programu hizo ni dawa nne tofauti, kila moja inauzwa kidogo kidogo, na itakushauri uagize kidogo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni orodha moja ya dawa: jina moja, namba moja, na kipimo kimoja kidogo kabisa ambacho vingine vyote vinahesabiwa kwacho. Iandike pamoja na watunza depo wote watatu mezani, si peke yako ofisini. Kila boksi linaloingia liwe na namba ya toleo na tarehe ya kuisha, na linalokwisha mapema litoke kwanza. Hilo la mwisho peke yake litapunguza hasara ya rafuni, bila akili bandia yoyote.

Sasa sikiliza jambo ambalo wauzaji wa programu hawalitaji mara nyingi. Daftari la mauzo halionyeshi watu walitaka nini, linaonyesha tu mlichokuwa nacho. Chukua dawa iliyouzwa boksi 800 kwa mwezi wa siku 30. Ukigawanya unapata kama 27 kwa siku. Lakini ukitazama vizuri, dawa hiyo haikuwepo kwa siku 10. Zile 800 ziliuzwa kwa siku 20, maana yake watu wanataka 40 kwa siku. Mashine ukiilisha ile sifuri ya siku 10, itajifunza kwamba wateja walipungua, itaagiza kidogo, dawa itaisha tena, na sifuri zitaongezeka. Nimeona kampuni ikizunguka humo karibu mwaka mzima huku kila mtu akilaumu kompyuta. Waambie watunza depo waanze leo kuandika siku dawa ilipoisha na siku iliporudi. Hakuna kitu cha bei rahisi zaidi utakachofanya mwaka huu.

Ukishakuwa na hiyo, hesabu ya kuagiza unaweza kuifanya kwa kalamu. Tuseme oda hufika baada ya siku 21, lakini malori yakikwama mpakani Kasumbalesa hufika siku 30. Boksi 40 mara siku 30 ni 1,200. Akiba ikishuka hadi 1,200, agiza. Kwa ile hesabu yenye makosa ya 27, ungesubiri hadi 810, na tofauti hiyo ya boksi 390 ni karibu siku kumi za rafu tupu. Anza hivyo kwa dawa ishirini zinazotoka sana, depo moja. Programu ya kutabiri itakuwa na maana itakaposhinda hesabu hii ya kalamu, si kabla. Na kwa dawa za malaria haitakuwa na uhakika hadi ione misimu ya mvua angalau miwili, yaani Novemba hadi Machi mara mbili. Mwambie bosi hilo wazi, na tarehe zake.

Kuhusu umeme na mtandao: chagua programu inayofanya kazi kwenye simu hata mtandao ukikatika, kisha inatuma ukirudi. Ila muulize muuzaji swali moja: je, inatunza salio, yaani idadi iliyobaki, au inatunza mienendo? Simu mbili za depo moja zikiwa nje ya mtandao, kila moja ikaandika salio jipya, la mwisho kufika linafuta la kwanza. Zikiandika mienendo, yaani "zimeingia 50", "zimetoka 12", basi mtandao ukirudi zinajumlishwa tu na hakuna kinachopotea. Muuzaji asipolielewa swali hili, tafuta mwingine. Vilevile kila malipo yaandikwe na fedha yake na bei ya dola ya siku hiyo, kwa sababu mnauza kwa dola na mnalipwa faranga, mara keshi, mara kwa simu.

Sasa nikuambie kazi ya cheo chako ni ipi hasa, maana si kununua programu. Mwaka 1882 kituo cha umeme cha Thomas Edison kilianza kuwasha taa mjini New York, lakini viwanda vya Marekani vilikaa takriban miaka 40 kabla ya kuona faida kubwa ya umeme. Mwanahistoria wa uchumi Paul David aliieleza sababu mwaka 1990: wenye viwanda waliondoa injini ya mvuke, wakaweka mota kubwa mahali pale pale, na mikanda na mihimili yote ya kuzungushia mashine ikabaki ilivyokuwa. Faida ilikuja kila mashine ilipopata mota yake ndogo na kiwanda kikapangwa upya kufuata njia ya kazi yenyewe.

Kwenu, mkanda wa zamani ni upi? Nadhani ni huu: mtunza depo anampigia bosi simu dawa ikishaisha, na bosi anaagiza akiwa na nafasi. Mkiweka utabiri mzuri kuliko wote na oda ikaendelea kumsubiri bosi arudi safarini, dawa zitaisha vilevile. Kwa hiyo unachomwomba bosi si pesa za programu tu. Mwombe akubali kwamba kwa dawa zile ishirini, akiba ikifika kiwango, mtu fulani anayejulikana kwa jina anaagiza siku hiyo hiyo bila kumpigia, hadi kiasi fulani cha dola. Ni ombi gumu, kwa sababu linagusa mamlaka yake. Ndiyo maana lazima litoke kwako, uso kwa uso, na lisiachwe kwa muuzaji wa programu.

Yule mtunza depo naye ana hofu yake: siku kila kitu kitakapokuwa kwenye simu, atahitajika kwa nini? Usimjibu kwa maneno matamu. Mpe kazi ya kusahihisha orodha na kuwafundisha wenzake, na mafunzo yawe kwa Kiswahili. Kampuni moja niliyofanyia kazi ilileta mwalimu aliyefundisha kwa Kifaransa wiki mbili. Watu walitikisa kichwa kwa heshima, na baada ya mwezi mmoja kila depo ilikuwa na daftari la siri chini ya meza.

Jambo dogo lakini la haraka: usibandike orodha ya wateja na madeni yao kwenye programu za bure za kuzungumza na akili bandia. Code du numérique, yaani sheria ya mambo ya kidijitali ya nchi yetu Kongo, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda taarifa za watu, na wauza dawa wa Katuba hawakukupa majina yao kwa ajili hiyo. Kuandika barua au kutafsiri maelezo, itumie bila hofu.

Ukienda kwa bosi, chukua karatasi moja: dawa ishirini, siku ambazo kila moja haikuwepo mwezi uliopita, na kiasi kilichokosekana kwa dola. Mpe, kisha umwache asome.