Baba akiganda mlangoni, mpe mstari wa kuvuka

Juzi msomaji kaniandikia: "Dada, baba yetu ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka. Akifika mlangoni miguu inaganda kama imegongomelewa. Tumsaidieje?"

Mdogo wangu, hilo nalijua vizuri. Baba yangu alikuwa fundi cherehani hapa Tanga, mkono wake ukikata kitambaa huku yeye anapiga soga na wateja. Mkono ulipoanza kutetemeka, ukoo mzima ulikuwa na jibu: karogwa, riziki yake imeonewa kijicho. Nilipompeleka hospitali nikaambiwa najitia msomi. Maneno hayo bado yananichoma.

Lakini nilisoma. Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu iitwayo striatamu, inayoletewa dopamini, kemikali ya kupelekea ujumbe kati ya seli za ubongo, na seli zenye rangi nyeusi. Seli hizo zikifa, dopamini inakauka. Mwaka 1960, kule Vienna, wanasayansi Ehringer na Hornykiewicz waliipima dopamini hiyo kwenye ubongo wa wagonjwa waliofariki, wakaikuta imepungua mno. Mchawi hakuwemo! Na dopamini hiyohiyo ndiyo inayofundisha: mwanasayansi Wolfram Schultz aliona kwa nyani kwamba seli za dopamini huchangamka pale tuzo inapozidi matarajio. Mkono hurudia, hupata, hurudia, mpaka kazi inakwenda yenyewe. Ndiyo maana ugonjwa huu huvamia yale tuliyozoea kufanya bila kufikiri: kutembea, kufunga vifungo, hata mwandiko unakuwa mdogo.

Kwa hiyo mzee mpe kitu cha kukifikiria. Mimi nilibandika utepe sakafuni, mistari ya kukatiza mlangoni, nikamwambia, "Baba, ruka mstari." Akavuka! Siku hizi namhesabia moja, mbili, moja, mbili, au nafungulia muziki wa dansi, na shangazi aliyeninunia ndiye anayempigia makofi ya mdundo. Mdundo, jamani. Msiudharau mdundo.

Dawa apewe kwa saa ileile kila siku. Kama anatumia levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, muulizeni daktari kuhusu nafasi kati ya kidonge na nyama au maharage, maana protini hugombania njia na dawa. Na acheni kuzungusha wazee kwa waganga huku vidonge viko kabatini, mnamchosha mtu bure!

Utepe uwe wa rangi inayoonekana. Kwenye sakafu nyekundu mimi niliweka mweupe. Akiganda, msimvute mkono. Mkimvuta, kiwiliwili kitatangulia, miguu itabaki, ataanguka.