Nimlipe mthamini, au nipange bei mwenyewe?

SWALI: Nachonga mpingo hapa Newala. Nina vinyago sita vya ujamaa (watu wengi waliopandana katika gogo moja) ambavyo bado sijaviuza, na lipiko, yaani kinyago cha Wamakonde cha kuvaa kichwani ngomani, aliloniachia babu. Kuna bwana mmoja Mtwara mjini yuko tayari kuvithamini vyote kwa asilimia 10 ya thamani atakayoikuta. Nikubali?
Mchongaji, Newala

JIBU: Usikubali, ndugu yetu. Anayelipwa kwa asilimia hunufaika kila akipandisha thamani, na mnunuzi mjanja hataiamini karatasi yake. Mthamini alipwe kwa saa au kwa kazi nzima, mkipatana kabla hajagusa kitu, na asiwe yeye huyohuyo mnunuzi. Muulize pia amezoea kuthamini nini. Mtaalamu wa viwanja na mikorosho, hata awe na cheti, si mtu wa vinyago.

Hivyo sita vipya havimhitaji. Mthamini hulinganisha na bei zilizokwisha kulipwa. Kama huna mauzo uliyoandika, atabahatisha tu. Anza na daftari: urefu, siku ulizochonga, kiasi ulicholipwa kweli (si ulichotaja), na uzito, maana mzigo wa mpingo uliochongwa ukizidi kilo 10 kwenda nje hudaiwa kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

Kisha piga hesabu. Tuseme gogo 40,000, siku 12 kwa 20,000 ni 240,000, msasa na nta 10,000, nauli 15,000: jumla 305,000. Duka linachukua asilimia 40. Wengi hapo huongeza asilimia 40 na kuandika 427,000. Duka likikata chake wanabaki na 256,200; siku mbili na ushee wamechonga bure. Gawa 305,000 kwa 0.6, upate kama 508,000, na hapo faida hujaweka.

Lipiko ndilo la kulipia mthamini. Usilioshe, wala usilipake kiwi! Weusi wa jasho ndani, matundu ya kushonea kitambaa ukingoni, nta ya chale za usoni na nywele zilizobaki ndivyo hutenganisha lililochezwa ngomani na lililochongwa kwa ajili ya watalii. Waulize wazee nani alilichonga na lilichezwa wapi, uandike. Na mweleze mthamini unataka thamani ya kuuzia, kwa sababu ile ya bima huwa juu zaidi, na lipiko lenye bei ya bima litakaa rafuni miaka.