Miche imepauka, eti imeunguzwa na oksijeni?

SWALI: Habari za kazi. Nalima nyanya Hombolo, Dodoma. Nimehamisha miche kutoka kitaluni saa nne asubuhi, nikamwagilia vizuri tu, baada ya siku mbili majani yakawa meupe kama yamepakwa chaki. Mdogo wangu anayesoma sayansi anasema ni oksijeni imeunguza. Nikacheka, si ndo hiyo tunavuta?
Mama wawili, Hombolo

JIBU: Pole mama, ila mdogo wako yuko sahihi. Jani linakusanya nguvu ya jua litengeneze chakula, sasa miche iliyozoea kivuli uwezo wake mdogo, alafu mizizi uliyoitikisa haivuti maji hata kama udongo umelowa, hivo jani linafunga vitundu vyake, kabonidayoksaidi, ile hewa ya kutengenezea chakula, haiingii, na jua letu la Dodoma ndo kwanza linaongeza. Ile nguvu ya ziada inaangukia kwenye oksijeni, inaigeuza kuwa kali, kina supaoksaidi na haidrojeni paroksaidi, zinaanza kula ngozi za seli na ukijani wenyewe. Dawa ya magugu ya parakwati nayo inaua hivohivo, ndo maana juani inafanya kazi haraka.

Paroksaidi unaijua, ile ya duka la dawa ya kusafishia vidonda. Idondoshee kwenye kiazi mviringo ulichokata sasa hivi, litatoka povu: ni kimeng'enya kinaitwa katalesi kinaivunja iwe maji na oksijeni ya kawaida. Nyanya yako inacho pia, ila ilizidiwa.

Na usidhani mmea unaichukia hii kitu moja kwa moja. Ikiwa kidogo ni ujumbe. Wakati wa ukame seli za kwenye vitundu zinaitengeneza zenyewe ili vifunge, fangasi akiingia seli za pale zinaimwaga makusudi na kujiua nayo ili akose pa kula, na jani moja likiumia habari inasafiri hivohivo seli hadi seli, kuna kammea ka maabara kanaitwa Arabidopsisi walipima ikakimbia kama sentimita 8 kwa dakika!

Kwahiyo msimu ujao izoeshe miche jua. Wiki moja kabla ya kuhamisha fungua kivuli asubuhi kwa muda wa saa moja tu, kesho ongeza, punguza na maji kidogo, zile dozi ndogondogo zinalifanya jani lijiwekee katalesi ya kutosha. Alafu hamisha jioni, sio saa nne jamani.

Majani yaliyopauka hayarudi. Angalia kichipukizi cha katikati, kama bado kijani usiing'oe.