Kwa mnaoanza fikihi Malindi: ulizeni kwanza mkataba ni upi

Wanangu mnaoanza darsa hapa Malindi, mkifika kwenye mlango wa jizya, yaani kodi ya wasio Waislamu walioishi chini ya dola ya Kiislamu, msiwe na pupa ya kutoa hukumu. Nimesomesha vijana wengi, na huu ndio mlango unaowatia haraka kuliko yote: mtu anasoma ukurasa mmoja kuhusu ahli dhimma, yaani hao wasio Waislamu waliopewa ulinzi kwa mkataba, na jioni hiyohiyo anataka kuupitisha kwa jirani yake Mgiriama.

Tazama kwanza mlango wenyewe umekaa wapi. Katika Minhaj, kitabu cha fikihi cha Imam Nawawi ambacho sisi wa madhehebu ya Shafii tunakitegemea, jizya inakuja baada ya siyar, yaani mambo ya jihadi, na inafuatiwa na mapatano ya kusimamisha vita. Tena inaanza na tamko: imamu, yaani mtawala, anaweka masharti, na upande wa pili unakubali. Ni akdi, yaani mkataba, kama akdi nyingine yoyote, na akdi bila pande mbili haifungiki. Sasa niambie, hapa Malindi nani alifunga mkataba huo wa dhimma na nani?

Someni polepole pia habari za Banu Taghlib, Waarabu Wakristo waliokataa kutoa kitu kinachoitwa jizya. Sayyidna Umar, khalifa wa pili, alikubali watoe kwa jina la sadaka, maradufu. Maimamu wetu hawakuificha habari hiyo, wameijengea hukumu ndani ya mlango uleule. Kwa rai yangu, hapo mwanafunzi anapata faida kubwa: masharti yalikuwa mikononi mwa mtawala, akipima maslahi na heshima za watu.

Ya baadaye yapitieni kwa ufupi. Dola ya Uthmaniya iliondoa jizya miaka ya 1850, na sheria yake ya uraia ya 1869 haikutenganisha watu kwa dini. Januari 2016, wanazuoni waliokutana Marrakesh waliurudia Mkataba wa Madina wa zama za Mtume, uliowahesabu Mayahudi wa Banu Auf kuwa umma pamoja na waumini, kila mmoja na dini yake.

Mkataba wetu sisi ni Katiba ya Kenya ya 2010. Ibara ya 8 inasema hakuna dini ya taifa, na ya 32 inalinda ibada ya kila mtu. Mimi na Mgiriama Mkristo tumeingia humo sote kama raia, na aya ya kwanza ya Suratul Maida inatuamrisha kutimiza mikataba. Ibara ya 170 nayo inampa kadhi ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale pande zote ni Waislamu na zimeridhia mahakama yake. Kesi ya mpaka wa shamba na jirani Mkristo usimpelekee.

Suala ninaloulizwa zaidi ni la msiba: jirani kafiwa, niende? Vijana hulitafuta kwenye jizya, wakalikosa, wakajibu kwa kubahatisha. Fungueni mlango wa janaiza, yaani mambo ya maiti na maziko. Minhaj inataja matamko ya tazia, yaani kumpa pole mfiwa: kwa Mwislamu aliyefiwa na asiye Mwislamu, na kwa asiye Mwislamu aliyefiwa na Mwislamu. Nyumba nyingi za huku zina dini zote mbili, kwa hiyo mtayahitaji matamko yote mawili. Na Imam Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikwenda kumzuru kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimhudumia, alipougua. Yahifadhini hayo kabla ya masharti ya jizya, maana ndiyo mtakayoulizwa wiki hii.