Maswali ya Wasomaji: Mbona Ukuta Bado Una Moto Usiku?

SWALI: Ndugu wahariri, nimepanga Kariakoo, ghorofa ya juu kabisa. Saa nne usiku nikigusa ukuta bado una moto, lakini nikilala kwa shangazi Kisarawe najifunika shuka. Ni moshi wa magari? Na nifanyeje?
– Msomaji, Kariakoo

JIBU: Magari yanachangia, ila mkosaji mkubwa ni huo ukuta. Zege, tofali na lami hunyonya jua kutwa, na joto hupenya tofali la inchi 6 polepole. Lile la alasiri hufika chumbani giza likishaingia. Shamba hupoa kwa kulirudisha joto angani. Mtaani kwenu maghorofa yamebanana, kuta zinapashana moto, na upepo wa kaskazi unakwama njiani. Ndiyo maana tofauti ya mji na shamba huwa kubwa zaidi usiku. Mwingereza Luke Howard, mchunguzi wa hali ya hewa, aliipima tofauti hiyo London mwanzoni mwa karne ya 19, magari hayapo.

Halafu kuna maji. Lita moja ikigeuka mvuke hubeba joto la karibu theluthi mbili ya uniti ya umeme. Mwembe ukitoa lita 50 kwa siku, umeondoa joto la uniti 33 hivi bila kununua Luku. Uwanja uliosakafiwa hauna cha kutoa. (Tuwe wakweli: Kisarawe pia iko mlimani kidogo, na kila mita 100 za kupanda hupunguza zaidi ya nusu nyuzijoto.)

Kiyoyozi hulihamisha joto tu. Kikila kilowati 1 kuondoa kilowati 3 chumbani, nje kinamwaga 4. Mashine ya nje ikifungwa kwenye kichochoro, inavuta tena hewa yake ya moto. Umeme unaliwa zaidi na ubaridi unapungua.

Mwenye nyumba akikubali, anza na paa. Kama ni la zege, ziba nyufa, fagia, lowesha, kisha piga chokaa nyepesi mikono miwili. Ukiipiga nzito, au kwenye zege kavu, itabanduka. Kwenye bati usijisumbue na chokaa, tumia rangi nyeupe ya mabati. Vumbi likiifubaza, ioshe kabla ya joto la Desemba.

Pazia la ndani linachelewa, maana jua limeshapita kioo. Weka turubai au mkeka nje ya dirisha. Usiku, nje kukishapoa kuliko ndani, geuza feni dirishani itazame nje na ufungue dirisha la upande wa pili.